Kimelea Kipya Katika Matamvua: Mwongozo kwa Mtafutaji wa Zuzu na Kanda ya Kati

Kabla hujagusa hadubini, mtambue samaki. Wengi wanaoanza kazi hii hukimbilia kufungua matamvua. Wakiona kidudu kinajinyonganyonga huanza kukichora papo hapo, na kwenye daftari mwenyeji wake anaandikwa "perege" tu. Kwa kazi hii perege peke yake haitoshi. Minyoo midogo ya matamvua iitwayo monojenea huchagua sana mahali pa kuishi: spishi moja ya mnyoo mara nyingi hukaa kwa spishi moja ya samaki, au kwa ndugu zake wa karibu. Ukikosea jina la samaki, mchoro wako hata uwe mzuri kiasi gani utaulinganisha na minyoo isiyohusika.

Huku kanda ya kati jambo hili lina uzito wa pekee. Mtu anayekaa Zuzu, magharibi ya jiji la Dodoma, hupata samaki kutoka pande kadhaa. Kuna Hombolo, bwawa lililojengwa miaka ya 1950. Kuna ardhi oevu ya Bahi, inayojaa mvua zikiwa nzuri na kukauka mwaka wa njaa. Kuna Mtera, bwawa la umeme la Ruaha Mkuu mpakani mwa Dodoma na Iringa. Na siku hizi kuna mabwawa ya kuchimba nyuma ya nyumba, yaliyopandwa vifaranga vilivyosafirishwa kutoka mbali. Mwaka 2019 Asilatu Shechonge na wenzake walichapisha matokeo ya uchunguzi wa perege katika mabonde ya maji ya Tanzania. Walionyesha kwamba sato, yaani Oreochromis niloticus, pamoja na Oreochromis leucostictus, wamesambazwa na binadamu katika maji mengi ambayo si ya asili yao. Wageni hao pia huzaliana na perege wenyeji. Kwa hiyo samaki uliyemshika mkononi anaweza kuwa mgeni, mwenyeji au chotara.

Samaki aliyehamishwa husafiri na vimelea wake. Nisingependa usahau hilo katika hatua yoyote ya kazi hii, kwa sababu hapo ndipo "spishi mpya" nyingi huyeyuka. Kwenye matamvua ya sato wanajulikana kitambo Cichlidogyrus tilapiae, C. halli, C. sclerosus, C. thurstonae, na ndugu yao Scutogyrus longicornis. Baadhi yao wamefuata ufugaji wa sato hadi Asia na Amerika ya Kusini. Ukifungua samaki wa bwawa la kufugia la Zuzu ukakuta mnyoo, dhana yako ya kwanza iwe kwamba ni mmoja wa hawa. Dhana hiyo ishindwe kwa ushahidi, isiachwe kwa sababu una hamu ya jina jipya.

Hatari ya mnyoo mhamiaji ilionekana wazi nchini Norwei. Gyrodactylus salaris, aliyeelezwa mwaka 1957 na Göran Malmberg, aliishi na samoni wa Bahari ya Baltiki bila kuwamaliza. Alipofikishwa katika mito ya Norwei miaka ya 1970 pamoja na vifaranga vya samoni, aliwakuta samaki wasio na kinga dhidi yake, na mito mingi ikapoteza karibu samoni wake wote. Tangu hapo kutenganisha spishi hiyo na ndugu zake wanaofanana nayo kumekuwa kazi ya serikali. Nasi tunahamisha vifaranga kila mwaka.

Ukitaka kupata kitu ambacho hakijaandikwa, usianzie kwa sato. Nenda kwa samaki wa asili wasiotazamwa. Katika maziwa ya magadi ya bonde la ufa, Manyara, Eyasi na Kitangiri, yumo Oreochromis amphimelas, perege aliyeelezwa na Hilgendorf mwaka 1905, ambaye hapatikani nje ya Tanzania. Katika vijito na madimbwi ya msimu wamo samaki wadogo wa jamii ya Enteromius, ambao watoto huwavua kwa vyandarua na hakuna mtu anayewapeleka maabara. Kambale, Clarias gariepinus, amechunguzwa sana Afrika nzima. Minyoo yake ya jenasi Quadriacanthus inafahamika vizuri, lakini ni mwalimu mzuri kwa anayeanza, maana anapatikana popote na matamvua yake ni makubwa. Jifunzie kwa kambale, kisha utafute kwa wale wadogo. Kwa perege, uwe na kitabu cha Genner, Turner na Ngatunga kuhusu perege wa Tanzania kilichotoka mwaka 2018. Piga picha ya kila samaki akiwa mbichi, ubavu wa kushoto, mapezi yamefunguliwa na rula iko chini yake. Kata kipande kidogo cha pezi ukihifadhi katika spiriti, ili suala la uchotara likizuka uwe na chembe za kuulizia.

Sasa vibali. Mtafiti kutoka nje hafanyi kazi bila kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH). Mtanzania naye afike kwa afisa uvuvi wa wilaya na kwa uongozi wa kijiji, aeleze anachotaka, na achukue barua. Sampuli zinazokwenda nje ya nchi zina makubaliano yake ya maandishi. Yamalize kabla hujaenda bwawani, kwa maana majarida mengi hayapokei makala isiyo na namba ya kibali.

Samaki awe hai, au amekufa muda mfupi tu uliopita. Mwenyeji akishakufa minyoo huanza kuachia na kuoza, na joto la Dodoma huharakisha uozo huo. Samaki aliyelala kwenye barafu tangu jana atakupa wachache walioharibika. Aliyekaushwa au kubanikwa hana kitu kwa ajili yako. Zungumza na mvuvi usiku kabla hajatega, mpe ndoo yenye kifuniko, na umlipe bei ya sokoni. Samaki unayemhitaji ni yule mdogo anayemtupa, kwa hiyo mwonyeshe picha yake.

Idadi ina hesabu yake. Kama mnyoo yuko kwa samaki mmoja kati ya kumi, unahitaji kufungua samaki 29 ili uwe na uhakika wa asilimia 95 wa kumwona angalau mara moja. Kama yuko kwa mmoja kati ya ishirini, ni samaki 59. Ukifungua samaki watano usipoona kitu, huna ruhusa ya kuandika kwamba kimelea hakipo Bahi.

Muue samaki haraka kwa kukata uti wa mgongo nyuma ya kichwa. Inua kifuniko cha matamvua, kikate kwa mkasi, na uyatoe matao manne ya upande wa kulia, kisha manne ya kushoto, kila moja kwenye sahani yake yenye maji ya mahali samaki alikotoka. Andika namba ya tao na upande. Mnyoo mmoja anaweza kupendelea tao la pili na mwingine ncha za nyuzi za tao la nne, na huko Ziwa Victoria watafiti wa furu wamelitazama suala hilo tao kwa tao. Taarifa hiyo huwezi kuirudisha ukishachanganya matamvua yote katika chupa moja.

Chini ya hadubini ya kupasulia, kwa ukuzaji mdogo, tenganisha nyuzi za matamvua kwa sindano mbili nyembamba na utazame kwa subira. Si kila kinachokaa hapo ni mnyoo. Kidudu cheupe kirefu kinachoonekana kwa macho, chenye mikia miwili ya mayai, huenda ni Lamproglena, jamii ya krasteshia. Geoffrey Fryer aliwaeleza wengi wa kundi hilo alipofanya kazi katika maziwa ya Afrika Mashariki na Kati miaka ya 1950 na 1960. Vijiduara vinavyozunguka kwa kasi ni Trichodina. Uvimbe mweupe ukipasuka ukatoa mbegu ndogo zenye vifuko viwili upande mmoja, hiyo ni Myxobolus au jamaa yake. Kila kundi lina wataalamu wake na njia zake za kuhifadhi. Mwongozo huu unashughulika na monojenea.

Monojenea wa matamvua ana urefu wa nusu milimita hivi, hujikunja na kujinyoosha, na kwa nyuma ana kiungo cha kushikia chenye nanga na kulabu. Tazama kwanza macho na tumbo la uzazi. Akiwa na madoa manne ya macho na anataga mayai, uko katika kundi la akina Cichlidogyrus, Quadriacanthus na Dactylogyrus. Akiwa hana macho, na ndani yake kuna mtoto ambaye tayari ana kulabu zake mwenyewe, ni Gyrodactylus au Macrogyrodactylus, ambao huzaa. Kisha hesabu. Dactylogyrus, utakayemkuta kwa Enteromius na ningu, ana jozi moja ya nanga na kulabu ndogo 14. Cichlidogyrus wa perege ana jozi mbili za nanga, kulabu 14, na pau mbili: wa tumboni wenye umbo la V, na wa mgongoni wenye masikio mawili yaliyosimama. Scutogyrus anafanana naye, ila upau wake wa tumboni hubeba bamba pana jembamba. Gyrodactylus ana jozi moja ya nanga na kulabu 16.

Mng'oe mnyoo kwa ncha ya sindano bila kumchoma, umvute kwa mrija mwembamba, umweke kwenye slaidi katika tone la maji. Funika kwa kioo chembamba, kisha nyonya maji polepole kwa kona ya karatasi mpaka alale bapa. Hapo mkono huhitaji mazoezi. Asipobanwa vya kutosha, nanga zitasimama wima na vipimo vitakuwa vifupi. Akibanwa mno, pau hupinda na kuvunjika. Akishatulia, ingiza pembeni mwa kioo tone la mchanganyiko wa gliserini na amoniamu pikreti, ambao huifanya nyama laini ipenye mwanga na kuacha sehemu ngumu zikionekana wazi. Chukua mchanganyiko uliokwisha tayarishwa maabara, kwa sababu pikreti kavu ni kilipuzi. Ziba kingo za kioo kwa rangi ya kucha. Slaidi ibandikwe lebo yenye namba ya samaki, tao, tarehe na mahali kabla hujashika mnyoo mwingine.

Minyoo mingine iweke katika ethanoli ya asilimia 96 kwa ajili ya vinasaba. Usiiweke katika formalini, maana formalini huharibu vinasaba hivyo. Njia bora kuliko zote, ingawa ni ya mikono mitulivu, ni kumkata mnyoo mmoja. Sehemu zenye viungo vigumu zinabaki kwenye slaidi, na kipande cha katikati kinakwenda kusomwa jeni. Hapo umbo na jeni vinatoka kwa mnyoo yuleyule, na hakuna atakayekuambia kwamba ulichanganya wawili.

Kisha inakuja sehemu ya kuamua, na hapa ndipo ningependa utumie muda mwingi. Kiungo cha kushikia kinakueleza ukoo: mpangilio wa urefu wa kulabu, ukubwa wa nanga na umbo la pau hurithiwa na makundi mazima ya spishi. Lakini kinachotenganisha spishi na dada yake ni kiungo cha uzazi cha dume, kilichoko karibu na katikati ya mwili upande wa mbele. Kina mrija, ambao unaweza kuwa mnyoofu, uliopinda au uliojizungusha, na kipande kigumu cha pembeni kinachoufuata. Tazama mrija unaanzaje, unaishaje, unapanuka wapi, na kipande cha pembeni kina ndoana au hakina. Tazama pia kama njia ya uzazi ya jike imekuwa ngumu au ni laini isiyoonekana. Mwaka 2017 kundi la watafiti lililoeleza spishi nane mpya za Cichlidogyrus kutoka Ziwa Tanganyika lilitumia alama hiyo ya jike pia.

Kwa kazi hii unahitaji lenzi ya mafuta ya ukuzaji wa 1000, na ikiwezekana lenzi zinazokuza tofauti ya mwanga na kivuli. Hadubini ya shule ya sekondari inatosha kutafuta na kupanga. Kwa kupima, omba nafasi katika maabara ya chuo. Chuo Kikuu cha Dodoma kiko mjini hapohapo, na Sokoine kiko Morogoro. Pima kwa mikromita, na usawazishe kipimo chako kwa slaidi maalumu kila unapobadili lenzi. Pima minyoo waliokomaa tu, wasiopungua ishirini kama wapo, na utoe wastani, kipimo cha chini na cha juu. Usitegemee mnyoo mmoja hata awe wa ajabu namna gani. Pia andika joto la maji. Kwa baadhi ya monojenea, hasa Gyrodactylus, maji ya baridi hukuza nanga kubwa kuliko maji ya moto, hivyo mnyoo wa Julai na wa Novemba wanaweza kuonekana spishi mbili ilhali ni moja.

Kwa kulinganisha, anza na marejeo makubwa ya Antoine Pariselle na Louis Euzet ya mwaka 2009, yanayokusanya monojenea wa samaki wa jamii ya perege wa Afrika, Mashariki ya Kati na Madagaska. Lakini baada ya hapo spishi nyingi zimeongezwa, na Cichlidogyrus peke yake ina zaidi ya spishi 100. Kwa hiyo tafuta makala za baadaye, hasa za Ziwa Tanganyika. Huko kazi ilianza kushika kasi mwaka 2011, pale Maarten Vanhove na wenzake walipoeleza spishi nne kutoka kwa samaki mmoja tu, Ophthalmotilapia ventralis. Baadaye Fidel Muterezi Bukinga wa Uvira alikuwa miongoni mwa walioeleza Cichlidogyrus casuarinus, mnyoo wa samaki wa maji ya kina. Huyu aligeuka kuwa mwenye wenyeji kadhaa, kinyume cha ilivyozoeleka kwa jamii yake. Chora mnyoo wako na uweke mchoro wake kando ya kila mchoro wa spishi inayokaribiana naye, ukubwa uleule. Ukishindwa kuandika sentensi moja inayoanza na "Anatofautiana na fulani kwa..." bila kutumia neno "kidogo", bado hujafika.

Usiishie kwenye makala mpya. Historia ya dagaa wa Tanganyika inaonyesha sababu. Mwaka 1973 Ilan Paperna alieleza mnyoo wa matamvua ya lumbu, Limnothrissa miodon, na kumweka katika jenasi Ancyrocephalus, ambayo wakati huo ilibeba mambo mengi yasiyofanana. Mnyoo huyo alikaa humo kwa miaka 45. Mwaka 2018 Nikol Kmentová na wenzake walimchunguza tena, wakakuta kwamba ni wa jenasi ya pekee, wakaiita Kapentagyrus, na wakaongeza spishi ya pili, K. tanganicanus, inayoishi kwa lumbu na kwa dagaa mwenzake, Stolothrissa, pia. Samaki hawa wanapimwa kwa debe Kigoma kila alfajiri. Jipya lilikuwa ndani ya la zamani, likisubiri mtu wa kurudi kwenye slaidi za awali. Nawe fanya hivyo: andikia makumbusho yenye slaidi za spishi unayoshuku, kama yale ya Tervuren nchini Ubelgiji, uombe picha au mkopo.

Jeni zisomwe vipande vinavyotumika na wengine, yaani 28S na ITS, na COI ukiweza, ili ziweze kulinganishwa na zilizopo katika hazina ya jeni ya GenBank. Jeni zikitofautiana bila umbo kutofautiana, au umbo bila jeni, usikimbilie jina. Ongeza samaki, ongeza mahali, kisha utazame upya.

Mambo yote yakikubaliana, fuata kanuni za majina ya wanyama. Tangu mwaka 2000 spishi mpya lazima iwe na kielelezo, au vielelezo, vilivyotajwa waziwazi kuwa ndivyo vinavyobeba jina, na utamke makumbusho vitakakohifadhiwa. Jarida likiwa la mtandaoni tu, makala yako isajiliwe ZooBank, daftari la majina ya wanyama, kabla ya kuchapishwa. Jina unaweza kulitoa mahali, kwa kiambishi cha Kilatini -ensis, au umbo, au mtu unayemheshimu, lakini usijipe wewe mwenyewe. Vielelezo usivipeleke vyote Ulaya. Kielelezo kikuu kinaweza kwenda palipo na uhifadhi wa uhakika, ila slaidi kadhaa za pembeni zibaki Tanzania, katika chuo chenye kabati, daftari la mkusanyo na mtu anayelisimamia. Mwanafunzi wa Dodoma wa miaka 30 ijayo asilazimike kuomba viza ili amwone mnyoo wa Bahi.

Na kama baada ya kazi yote hii mnyoo wako ni C. halli, andika vilevile. Taja spishi ya samaki, bwawa, mwezi, idadi ya samaki waliofunguliwa na walioambukizwa, na hifadhi slaidi. Anayeleta vifaranga Zuzu mwakani anahitaji kujua mnyoo gani tayari yumo majini, na afisa uvuvi apewe nakala ya karatasi hiyo kwa mkono wake.